Vijana wa Junda Si Vibarua wa Mpira



Mara hii tunaandika juu ya mpira wa kikapu. Tunajua wako watakaosema, "Chama kimekosa la kufanya, mishahara haitoshi, na hawa wanatuletea habari za michezo." Tunawaomba ndugu hao wasome mpaka mwisho, kisha waseme. Sisi tunaona jambo hili ni la kazi, mkataba na mshahara kama mengine yote tunayopigania, ila limevaa kaptura.

KIJANA ASIYEKUWAMO DAFTARINI

Hapa Junda yuko mtoto wa mwenzetu mmoja. Hatutamtaja jina, wala hatutaitaja klabu, maana hatukuandika ili kumwaibisha mtu. Ana miaka 19, ni mrefu, na mpira aliujulia mtaani, kwenye udongo ulioshindiliwa na kikapu cha chuma kilichofungwa juu ya nguzo. Klabu moja kubwa ya ng'ambo ya daraja ilimwona katika mashindano ya mtaa ikamwambia, "Njoo tukujaribu."

Walimjaribu miezi minane. Mara tatu kwa juma alipanda matatu Mishomoroni, akavuka Daraja la Nyali, akafika mazoezini kabla ya wakubwa na kuondoka baada yao. Nauli ilitoka mfukoni mwa baba yake. Na kazi yake ilikuwa nini? Kusimama mahali pa adui, ili wachezaji wenye mshahara wajifunze kumpita. Siku ya mechi alikaa pamoja na watazamaji. Hakupewa dakika moja ya mchezo wala karatasi ya kuonyesha yeye ni nani.

Mwezi wa tisa goti likamgeuka mazoezini. Wenzake walimbeba mpaka kituo cha matatu. Baba yake alipokwenda ofisini kuuliza habari ya matibabu, karani alimpokea vizuri, akamkalisha kitini, akafungua daftari, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Kisha akasema, "Pole sana mzee, lakini kijana wako hayumo katika daftari letu."

Hayumo! Miezi minane jasho lake lilikuwamo. Goti lake lilikuwamo. Jina tu ndilo halikuwamo.

JAMBO HILI TUNALIJUA

Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha neno hilo maana yake. Wazee wetu walilisikia kwenye lango la bandari. Zamani kuli aliamka alfajiri akasimama langoni; serangi akamnyoshea kidole huyu, akamwacha yule. Aliyechaguliwa alipata kazi ya siku moja. Aliyevunjika mguu melini kesho yake hakuwa mtu wa kampuni yoyote. Meli zilipokuwa nyingi aliitwa, meli zilipoadimika alisahauliwa, na matajiri wakasema hivyo ndivyo kazi ya bandari ilivyo, haiwezi kuwa vingine.

Iliweza kuwa vingine. Januari 1947 wafanya kazi wa mji huu waligoma kwa pamoja, mji ukasimama. Mwaka 1954 chama cha wafanya kazi wa bandari kiliandikishwa. Mwaka 1955 makuli waligoma tena. Katika miaka hiyo majina ya vibarua yalianza kutiwa katika orodha, na kidogo kidogo kazi ya mwezi ikashika mahali pa kazi ya siku. Haki ya kwanza waliyoipata wazee wetu ilikuwa kuandikwa jina, na nyongeza ya shilingi ilifuata baadaye. Mtu asiyeandikwa hana mshahara, hana likizo, hana matibabu, wala hana pa kupeleka shauri lake.

Basi leo, wajukuu wa makuli wale wale wanasimama tena langoni. Lango limebadilika, limekuwa la uwanja wa mpira. Serangi naye amebadilika, ana filimbi shingoni. Lakini kidole ni kile kile.

HESABU YA DAKIKA 200

Wakubwa wa michezo hutuambia, "Kijana avumilie. Akae na timu kubwa, atajifunza kwa kutazama." Tupige hesabu, maana sisi ni watu wa kuhesabu magunia na makontena, na dakika nazo zahesabika.

Mechi ya kikapu ni dakika 40. Watu watano wa upande mmoja wamo uwanjani. Tano mara 40 ni 200. Hizo ndizo dakika zote za kugawa kwa timu nzima ya watu 12. Kama wale watano wa mbele kila mmoja atacheza dakika 30, wamekwisha kula 150. Zimebaki 50 kwa watu saba, yaani dakika saba kwa kila mtu, na hiyo ni kama mwalimu ana haki. Kwa kweli yule wa sita na wa saba watachukua nyingi, na kijana wa mwisho atapata dakika mbili, siku ambayo mechi imekwisha kuamuliwa.

Weka mechi 20 katika msimu. Kwa dakika saba, kijana amecheza 140. Katika timu ya pili, akicheza dakika 30 kila mechi, amecheza 600. Ni nani kati ya hao wawili atakayeijua kazi? Hakuna fundi aliyejua kuendesha winchi kwa kumtazama mwenziwe akiendesha. Kutazama kuna faida yake, lakini mkono haufunzwi na jicho.

Kwa hiyo tunasema wazi: klabu kubwa yenye nia ya kulea vijana lazima iwe na timu ya pili ya kweli. Timu yenye jina lake, mwalimu wake, na mechi zake katika daraja la chini la ligi. Hapa Kenya shirikisho la mpira wa kikapu lina Ligi Kuu, na chini yake liko Daraja la Kwanza. Mlango upo. Timu ya pili iandikishwe huko, icheze, ishinde na ishindwe, na kijana aliyeiva apandishwe juu.

TUMTAZAME SIAKAM

Pengine mtu atasema haya ni ndoto za watu wa Junda. Basi tutazame kwa wenye mpira wao.

Marekani ligi kubwa ya NBA ilianzisha ligi yake ya kukuza wachezaji mwaka 2001, ikiwa na timu nane tu. Mwanzoni timu hizo zilikuwa kama watoto wa kupanga, hazina baba mmoja. Mwaka 2006 klabu ya Los Angeles Lakers ikawa ya kwanza kumiliki timu yake yenyewe katika ligi hiyo. Wengine waliona faida, wakafuata mmoja mmoja. Leo ligi ile inaitwa G League, na karibu kila klabu ya NBA ina timu yake ya pili.

Klabu ya Toronto, nchini Kanada, ilianzisha yake mwaka 2015. Haikuiweka katikati ya jiji penye majumba makubwa. Iliiweka Mississauga, mji wa pembeni, na ikaipa jina la Raptors 905, na hizo 905 ni tarakimu za simu za watu wa pembeni. Yaani waliwaambia wale wa nje ya jiji, "Timu hii ni yenu."

Pascal Siakam, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Douala, Kameruni, aliajiriwa na Toronto mwaka 2016. Katika msimu wake wa kwanza walimteremsha katika timu hiyo ya pili. Hakuteremshwa kwa kutupwa, aliteremshwa akacheze. Mwaka 2017 timu ya 905 ilitwaa ubingwa wa ligi yake na Siakam akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mwaka 2019 huyo huyo alikuwa nguzo ya Toronto ilipotwaa ubingwa wa NBA wenyewe. Miaka miwili tu! Lakini hakikisheni mmeliona jambo moja: siku aliyocheza Mississauga jina lake lilikuwa katika daftari la Toronto, na mshahara wake ulikuwa ukienda.

Hatusemi huko ni peponi. Wachezaji wa ligi ile ya chini walilipwa kidogo miaka mingi. Kabla ya msimu wa 2018-19 wengi walipata dola 19,000 au 26,000 kwa msimu, hali wakubwa wao wakipata mamilioni. Ndipo ikapandishwa kuwa 35,000. Mwaka 2017 ulianzishwa mkataba wa pande mbili, ambao kwao mchezaji mmoja huandikwa kwa timu ya juu na ya chini pamoja. Na mwaka 2020 wachezaji wa ligi ya chini walipiga kura, wakaunda chama chao cha wafanya kazi. Waliona kuwa timu ya pili isiyo na chama huweza kugeuka shimo la kutupia vibarua.

Wale wakubwa nao walipataje walicho nacho? Chama cha wachezaji wa NBA kilianzishwa mwaka 1954, mwaka ule ule wa chama cha bandari yetu. Miaka kumi matajiri walikizungusha. Tarehe 14 Januari 1964, mjini Boston, usiku wa mechi ya nyota wote, watu wamejaa na televisheni inangoja, wachezaji walikataa kutoka chumbani mpaka waahidiwe pensheni. Waliahidiwa, kisha wakatoka, wakacheza. Basi asituambie mtu kwamba mpira na chama ni mambo mbalimbali.

NGAZI ILIYONG'OLEWA VIDATO

Turudi kwetu. Pwani haina upungufu wa vipawa. Timu za bandari, ya wanaume na ya wanawake, ni miongoni mwa timu kubwa za nchi hii, na ukumbi wa Makande umeshuhudia mechi nyingi za Ligi Kuu. Kule Kwale, shule ya wasichana ya Kaya Tiwi imesifika kwa mpira wa kikapu. Madina Okot alisoma hapo, akaenda Chuo Kikuu cha Zetech, mwaka 2024 akavuka bahari kwenda kucheza katika Chuo Kikuu cha Mississippi State, na mwaka 2025 akaingia South Carolina.

Tunampongeza kwa moyo wote. Lakini tazameni njia yenyewe. Shule iko Pwani. Timu kubwa iko Pwani. Katikati hapana kitu. Kijana akimaliza kidato cha nne, akiwa na bahati atapata chuo cha bara au cha ng'ambo. Asiyekuwa na bahati hurudi Junda akakaa kijiweni. Hii ni ngazi yenye kidato cha chini kabisa na cha juu kabisa, vya kati vimeng'olewa, kisha mwenye ngazi akawacheka watoto kwamba hawajui kupanda.

Na nchi yetu inajua kulivyo juu. Mwaka 2021 timu ya taifa iliifunga Angola pointi 74 kwa 73, kwa mpira wa Tylor Ongwae wa dakika ya mwisho kabisa, ikaingia mashindano ya Afrika baada ya miaka 28. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika ligi ya klabu bingwa za Afrika, BAL. Mlango wa juu umefunguka. Swali letu ni hili: watakaoupita watatoka wapi? Watanunuliwa wakiwa wameiva, au watapandwa hapa?

Gazeti likiandika Kisauni huandika mapanga. Kila mara mapanga. Hatukatai, tunakaa hapa, tumezika na tumeuguza. Lakini tunauliza: kijana wa miaka 17 aliyeacha shule, saa kumi za jioni, hapa Junda, nani anamngoja? Mwenye genge anamngoja, na yeye huyu huandika majina. Huyu anamjua kijana kwa jina lake na la mama yake. Ni aibu kubwa kwetu kwamba genge lina daftari na klabu haina.

MAJIBU YETU KWA WAKUBWA

Wanasema kwanza, "Mchezo si kazi." Tunajibu: mtu anayepangiwa saa ya kufika, anayepewa amri, anayekatazwa kuchezea mwingine, na jasho lake linampatia mwingine kombe na sifa, huyo anafanya nini kama si kazi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanya kazi ni pamoja na mwanafunzi wa kazi, na mkataba wa kazi ni pamoja na mkataba wa kujifunza kazi. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja si kibarua tena. Wakubwa watasema kijana wa majaribio hakuwa hata kibarua. Sisi tunasema miezi minane si majaribio. Ni kazi ya bure. Kama sheria ina shaka, basi waandike mkataba, shaka iondoke.

Wanasema pili, "Fedha hakuna." Tunajibu: zipo za kumleta mchezaji aliyekwisha kuiva toka mbali, kumtafutia nyumba na kumlipa. Timu ya pili inataka mwalimu, mipira, nauli, na daktari wa kuangalia magoti. Hatusemi ni bure. Tunasema anayelea mnazi wake hangoji bei ya nazi sokoni.

Wanasema tatu, "Tukiwalea watatukimbia." Tunajibu: hilo lina dawa. Katika kandanda, sheria za FIFA za mwaka 2001 ziliweka kwamba mchezaji akiuzwa toka nchi moja kwenda nyingine kwa fedha, asilimia 5 hugawiwa klabu zilizomlea toka miaka 12 mpaka 23. Mpira wa kikapu wa nchi hii nao uweke kanuni ya namna hiyo, na timu ya mtaa iliyomwokota mtoto udongoni ipate haki yake. Lakini kumfunga kijana bila malipo ati asikimbie, hiyo hatutaikubali.

LAWAMA YETU WENYEWE

Tusiwalaumu wakubwa peke yao. Sisi nasi tumekosa. Ni mara ngapi tumekwenda kutazama mechi, tukapiga makofi, tusiulize yule kijana abebaye maji ana mkataba gani? Ni wangapi kati yetu tuna watoto wanaokwenda "kujaribiwa", tukaona fahari hata tukaogopa kuuliza, tusije tukamharibia mtoto bahati yake? Baba wa kijana yule ni mwanachama wa miaka mingi. Kazini kwake hawezi kukubali saa moja ya ziada bila malipo. Lakini mwanawe alitumikia miezi minane bure naye alinyamaza. Alituambia mwenyewe, "Nilidhani chama ni cha kazini tu." Sisi ndio tuliomfanya adhani hivyo.

TUNADAI

1. Kila klabu ya Ligi Kuu yenye nguvu ya kampuni au shirika iwe na timu ya pili, iliyoandikishwa katika daraja la chini, si kundi la watu wa mazoezi.

2. Kila kijana aliyetimiza miaka 18 aitwaye mazoezini zaidi ya mwezi mmoja apewe mkataba wa maandishi, nauli na posho, na nakala abaki nayo yeye.

3. Aliye chini ya miaka 18 asiondolewe shuleni kwa ajili ya mpira. Mzazi atie sahihi, na mazoezi yasigongane na masomo.

4. Jina likiingia daftarini, bima ya maumivu iingie pamoja nalo. Goti la kijana wa timu ya pili ni sawa na goti la nahodha.

5. Timu ya pili ya klabu za Mombasa iwekwe upande wa bara: Kisauni, Changamwe au Likoni. Tunaanza kwa kuomba Junda kiwanja cha saruji chenye mita 28 kwa 15 na vikapu viwili. Vijana wasivuke maji kila siku kwenda kuombaomba.

6. Kila msimu klabu itangaze ni vijana wangapi wamepandishwa juu. Kama ni sifuri, isome sifuri mbele ya watu.

LA KUFANYA

Ndugu, madai haya tutayaleta katika mkutano wa tawi ujao. Mwenye mtoto, mpwa au jirani aliyeitwa kujaribiwa na klabu yoyote, alete habari zake: aliitwa lini, anafanya mazoezi mara ngapi, analipwa nini, anatibiwa na nani. Majina tutayafunika. Tunataka kuandika daftari letu, ili siku tutakapokwenda kuzungumza na wakubwa tuwe na karatasi mkononi, si maneno matupu.

Kijana wetu bado anachechemea. Matibabu yake yamelipwa kwa mchango wa majirani na wa wanachama wa tawi hili, na tunawashukuru wote. Jioni hukaa kwenye ukuta karibu na kile kikapu cha chuma, akawaelekeza watoto wadogo namna ya kusimamisha miguu. Mwalimu tayari tunaye, basi. Hana mkataba.

Jina lake tumeliandika la kwanza katika daftari la tawi.

Umoja ni nguvu.

Sisi wanachama wa Junda